Rangi Nne na Kipande Chembamba: Vidokezo 16 vya Kununua na Kula Hamoni ya Hispania

Miguu ya nguruwe imening'inia darini, kwato na vyote, na chini yake watu wanakunywa kahawa bila wasiwasi. Karibu Hispania! Hiyo ndiyo hamoni, ambayo kwenye lebo utaiona imeandikwa "jamón". Ni mguu wa nguruwe uliofukiwa kwenye chumvi, ukaoshwa, ukaning'inizwa penye hewa kwa miezi mingi, pengine miaka, kisha ukaliwa hivyo hivyo. Ndiyo, bila kupikwa! Aliyezoea kitimoto ya kukaanga na ndizi pembeni anaweza kushtuka, lakini chumvi na ukavu vimeshafanya kazi ambayo sisi tumezoea kuuachia moto.

Kinachowachanganya wengi ni bei. Miguu miwili imening'inia bega kwa bega, inafanana, na mmoja unauzwa mara kadhaa ya bei ya mwenzake. Habari za afya nazo zinagongana: huyu anasifu mafuta yake, yule anakutajia saratani. Tulia, msomaji. Kanuni ni moja na inabebeka: nunua kidogo, lakini bora. Uwe unaishi Ulaya, unapita Madrid kikazi, au umeikuta kwenye meza ya hoteli, vidokezo hivi vitakutoa dukani ukiwa umenyoosha kifua. Twende!

1. Macho kwenye utepe kwanza

Kabla ya kumsikiliza muuzaji, kabla hata ya kusoma bei, tazama kifundo cha mguu. Hamoni ya nguruwe wa Iberia, yule wa asili ya Hispania na Ureno, hufungwa utepe wa plastiki wenye rangi, na kwa mujibu wa sheria ya Hispania ya mwaka 2014 rangi ni nne tu. Nyeusi: nguruwe wa Iberia asilimia 100, aliyenenepeshwa malishoni kwa mbegu za mwaloni. Nyekundu: naye alikula mbegu za mwaloni, ila ni chotara, asilimia 75 au 50. Kijani: alilishwa nafaka na kunde, lakini alipata muda wa kutembea na kula nje. Nyeupe: alilishwa nafaka na kunde zizini. Piga picha aya hii kwa simu yako sasa hivi. Ukiwa dukani na foleni imekubana mgongoni, utashukuru.

2. Jina refu ni rafiki yako

Je, kama unanunua pakiti ya vipande na mguu wenyewe huuoni? Hapo soma jina la bidhaa hadi mwisho, usiishie kwenye maandishi makubwa ya mbele. Sheria inataka jina lijibu maswali matatu. Ni sehemu gani? "Jamón" ni mguu wa nyuma, "paleta" ni mguu wa mbele. Alikula nini? "Bellota" ni mbegu za mwaloni, "cebo de campo" ni chakula cha kulishwa pamoja na malisho ya nje, "cebo" ni chakula cha zizini. Ni wa damu gani? "100% ibérico" ni halisi, na "ibérico" tupu ni chotara, ambapo asilimia lazima iandikwe. Kwa hiyo "jamón de cebo ibérico" na "jamón de bellota 100% ibérico" ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama pakiti zote mbili zinafanana kwa mapambo. Sekunde kumi za kusoma zinakuokolea pesa nyingi.

3. Kwato nyeusi isikubabaishe

Utasikia sana "pata negra", yaani mguu mweusi. Wapo watakaokuonyesha kwato nyeusi kwa fahari, kana kwamba mjadala umekwisha. Haujaisha! Zipo jamii nyingine za nguruwe wenye kwato nyeusi, na wapo nguruwe wa Iberia ambao kwato zao si nyeusi sana. Kisheria, maneno "pata negra" yanaruhusiwa kwa hamoni ya utepe mweusi peke yake. Kwa hiyo ukiambiwa "pata negra", tabasamu, kisha shusha macho kwenye utepe. Kwato haina cheti, utepe unacho.

4. Jua mwaloni unalipiwa nini

Kwa nini mbegu za mwaloni zipandishe bei kiasi hicho? Kwa sababu ardhi ni kubwa na nguruwe ni wachache. Kusini-magharibi mwa Hispania kuna misitu ya malisho iitwayo "dehesa", yenye mialoni iliyoachana nafasi na majani chini yake. Nguruwe huingizwa humo kati ya tarehe 1 Oktoba na 15 Desemba, mbegu zinapodondoka. Hukaa siku 60 au zaidi na lazima aongeze angalau kilo 46 kwa kula mbegu na majani tu. Hata palipo na mialoni mingi, hekta moja hairuhusiwi kubeba zaidi ya nguruwe 1.25. Akishachinjwa, paja lake lenye kilo 7 au zaidi halitauzwa kabla ya siku 730 za kutengenezwa, na hilo peke yake ni miaka miwili ya kuhifadhi na kusubiri. Sasa tumia maarifa haya: ukikuta "bellota" inauzwa kwa bei ya utepe mweupe, usiharakishe kufurahi. Uliza utepe, uliza mzalishaji, na majibu yakiyumba, nenda duka la pili.

5. Serrano si mtoto wa kambo

Mfuko haujashiba? Usijali hata kidogo! Hamoni ambayo Wahispania wengi hula siku za kawaida ni serrano, inayotokana na nguruwe weupe wa kawaida wa kufugwa. Ina rangi iliyo wazi zaidi, mafuta machache ndani ya nyama, na ladha isiyo nzito. Jina "jamón serrano" linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1999 kwa sababu ya namna yake ya kutengenezwa, na halikubali chini ya miezi saba.

Siri ya kununua serrano nzuri ni neno la umri kwenye lebo. "Bodega" imekaa miezi 9 au zaidi, "reserva" miezi 12 au zaidi, na "gran reserva" miezi 15 au zaidi. Tofauti ya bei kati ya ngazi hizi si ya kutisha, lakini ladha hupanda wazi. Ukiwa na bajeti ndogo, "gran reserva" nzuri ya nguruwe mweupe itakufurahisha kuliko kuhangaika kutafuta "ibérico" ya bei ya kutupa.

6. Fuata majina ya milimani

Baadhi ya maeneo yamelindiwa majina yao, na hii ni njia ya mkato kwa mtu mwenye haraka. Kwa hamoni ya Iberia kumbuka manne: Jabugo katika milima ya Huelva, Guijuelo huko Salamanca, Los Pedroches kaskazini mwa Córdoba, na Dehesa de Extremadura. Hayo yote hubeba herufi D.O.P., maana yake mahali na namna ya kutengeneza vinakaguliwa.

Kwa nguruwe weupe, shika mawili. Teruel, huko Aragón, ndiyo hamoni ya kwanza Hispania kupata ulinzi wa jina, mwaka 1984. Itambue kwa nyota yenye pembe nane na neno TERUEL lililochomwa kwenye ngozi. Trevélez ni kijiji cha Sierra Nevada kilicho karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Malkia Isabel II aliitunuku hamoni yake heshima mwaka 1862. Baridi na hewa kavu ya mlimani ndiyo inayoikausha taratibu. Umesahau rangi zote dukani? Tafuta mojawapo ya majina haya sita na hutakuwa mbali na shabaha.

7. Mguu wa mbele, bei ya mbele

"Paleta" ni mguu wa mbele. Ni mdogo kuliko paja, huwa tayari mapema, na bei yake kwa kilo iko chini. Ladha yake ni kali kidogo na tamu, na wapo mafundi wanaoipenda kuliko hamoni yenyewe. Wapi pa kuangalia? Mfupa. Paleta ina mfupa mwingi kuliko nyama unayoitarajia, na hata paja zima, ukitoa mfupa, ngozi na mafuta ya nje, hukuachia karibu nusu tu ya uzito uliolipia. Kwa hiyo usilinganishe bei ya mguu mzima na bei ya vipande kwa macho makavu. Ukipenda ladha ya paleta, inunue ikiwa imekatwa, au isiyo na mfupa. Hapo ndipo unapopata ladha ya mwaloni kwa bei isiyoumiza.

8. Agiza gramu 100, si mguu

Hiki ndicho kidokezo cha dhahabu. Mguu mzima ni wa familia kubwa, sherehe au Krismasi. Wewe nenda kaunta ya bucha au sokoni, simama wima, sema: "Cien gramos, cortado a cuchillo, por favor." Umeomba gramu 100, zilizokatwa kwa kisu, na umeomba kwa adabu. Fundi wa kisu atakutolea vipande vyembamba vyenye nyama na mafuta pamoja. Ukiweza, agiza gramu 50 za aina mbili, kwa mfano serrano "gran reserva" na utepe mwekundu, uzilinganishe nyumbani. Utajifunza zaidi kwa jioni moja kuliko kwa kusoma lebo mwezi mzima.

Ukichukua pakiti, chagua ambayo vipande vyake vinang'aa, vina mistari ya mafuta ndani ya nyama, na havina ukingo mkavu wa kahawia. Ukishaifungua, imalize ndani ya siku mbili tatu. Je, kuna atakayekusaidia kuimaliza? Bila shaka!

9. Umeamua mguu mzima? Basi jipange

Hongera, ni jambo kubwa! Muuzaji mzuri anaweza kuukagua mbele yako kwa "cala", sindano nyembamba ya mfupa. Huichoma karibu na kiungo, huichomoa na kuinusa papo hapo, kisha huziba tundu kwa mafuta. Harufu iwe tamu na safi.

Nyumbani utahitaji vitu vitatu: stendi ya kubania mguu, kisu kirefu chembamba cha kukatia, na kisu kifupi imara cha kumenyea ngozi. Utaula polepole? Anza upande mwembamba, kwato ikielekea chini, maana ndio unaokauka haraka. Una wageni na utaisha upesi? Kwato juu, anza upande mnene wenye majimaji. Menya ngozi pale tu utakapokata leo. Vipande viwe vyembamba kiasi cha kuona kisu kwa upande wa pili. Na la usalama: mkono usiokata usikae kamwe mbele ya makali. Ukimaliza, funika jeraha la nyama kwa vipande vya mafuta yake na kitambaa safi, uweke mahali pakavu penye ubaridi. Ukungu mweupe kidogo kwenye ngozi ya nje usikutishe. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kula.

10. Itoe kwenye friji kabla ya wageni kubisha hodi

Hamoni baridi imefungwa mdomo, haisemi lolote. Mafuta ya nguruwe aliyekula mbegu za mwaloni huyeyuka kwa urahisi, na ladha yote imekaa humo. Toa pakiti kwenye friji nusu saa kabla ya kula, ifungue, tandaza vipande kwenye sahani bila kuvilundika. Ukiona mafuta yameanza kung'aa na kupenyeza mwanga, iko tayari. Na zile chembe nyeupe ndogo ndani ya nyama? Si chumvi wala uchafu. Ni tairosini, sehemu ya protini inayojitokeza nyama inapokaa muda mrefu. Ukiziona, furahi, maana mara nyingi ni dalili kwamba nyama haikuharakishwa.

11. Jua inachokupa mwilini

Tuanze na habari njema. Kwa kuwa maji mengi yametoka, hamoni ina protini karibu gramu 30 katika kila gramu 100, hivyo sahani ndogo ya gramu 30 inakupa karibu gramu 9, zaidi ya yai moja. Inaleta pia chuma, zinki na vitamini za kundi B, hasa B1. Kwenye hamoni ya mwaloni, zaidi ya nusu ya mafuta ni asidi ya oleiki, ile ile inayoongoza katika mafuta ya zeituni.

Lakini usimruhusu muuzaji aishie hapo! Katika mafuta hayo hayo kuna sehemu kubwa ya yale yaliyoshiba, ambayo moyo wako hauyahitaji kwa wingi, na kalori si haba. Oleiki ni sababu ya kuchagua hamoni bora unapokula hamoni. Haiwi sababu ya kula nyingi, wala ya kuitupa chupa yako ya mafuta ya zeituni.

12. Chumvi ifanyie hesabu mapema

Hapa ndipo penye kazi. Geuza pakiti, tafuta neno "sal". Kwa serrano nyingi utakuta gramu 4 hadi 5 za chumvi katika gramu 100. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, chakula chote kikijumlishwa. Njia ya haraka: zidisha namba ya lebo kwa tatu, kisha gawa kwa kumi, utapata chumvi ya sahani ya gramu 30. Serrano yenye gramu 4.5 inakupa gramu 1.35, zaidi ya robo ya kiwango cha siku kwa vipande vichache tu!

Sasa ufanye nini? Siku ya hamoni, punguza chumvi kwingine. Mkate usiwe na siagi ya chumvi, saladi isitiwe chumvi, mizeituni ya kopo na jibini kavu vingoje siku nyingine. Kunywa maji. Na linganisha pakiti mbili kabla ya kulipa. Mara nyingi moja ina chumvi pungufu, na hujalipia nyongeza.

13. Saratani: elewa, kisha amua

Tusifichane. Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya WHO, liliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Nyama iliyokaushwa kwa chumvi imo, na hamoni ni ya hapo, iwe ya utepe mweusi au ya bei ya chini kabisa.

Kundi la kwanza maana yake ushahidi ni imara. Haimaanishi kwamba hatari inalingana na ya sigara, ingawa sigara nayo iko kundi hilo. Wataalamu hao walikadiria kwamba kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Chukua mfano wa hesabu: kama katika watu 100 watano wangeugua, kwa ongezeko hilo wangekuwa karibu sita. Si janga la kesho asubuhi, na si jambo la kupuuza. Neno la kuwekea mstari ni "kila siku". Hamoni iwe ya mara moja moja, ya Jumapili au ya wageni, isiwe ya kujaza mkate wa mtoto wa shule kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Unaona kanuni yetu inavyorudi? Kidogo, lakini bora, na si kila siku.

14. Hawa waongee na daktari kwanza

Una mimba? Hamoni ni nyama isiyopikwa, na nyama mbichi inaweza kubeba vimelea vya toksoplazma ambavyo ni hatari kwa mtoto tumboni. Muulize mkunga au daktari wako, na ukiitamani sana, ile iliyopikwa vizuri ndani ya chakula ni salama zaidi. Una presha, au figo zinasumbua? Chumvi ile ya kidokezo cha 12 inakuhusu moja kwa moja. Unatumia dawa za sonona za kundi la MAOI? Nyama zilizokaa muda mrefu hujenga tiramini, na mchanganyiko huo unaweza kupandisha presha ghafla. Soma karatasi ya dawa, piga simu hospitali. Na watoto wadogo wapewe kipande cha kuonja tu, kwa sababu ya chumvi. Kujizuia leo si kukosa raha, ni kujiwekea raha ya siku nyingi.

15. Huli nguruwe? Kidokezo hiki ni chako

Wasomaji wetu Waislamu na Wasabato, msifunge ukurasa! Hispania hamoni hujificha mahali usipotarajia: kwenye mboga za kunde, ndani ya vile vidonge vya kukaanga viitwavyo "croquetas", juu ya supu baridi ya nyanya ya "salmorejo", hata kwenye sahani ya maharage mabichi. Mhudumu anaweza kukwambia kwa nia njema kabisa kwamba chakula hakina nyama, akimaanisha hakina minofu. Uliza swali mahususi: "¿Lleva jamón?" yaani ina hamoni? Kisha malizia: "Sin cerdo, por favor", bila nguruwe tafadhali.

Mnataka kuonja ufundi wa kukausha nyama bila nguruwe? Ipo "cecina de León", nyama ya mguu wa nyuma wa ng'ombe iliyotiwa chumvi, ikapitishwa moshi na kukaushwa kwa miezi saba au zaidi. Rangi yake ni nyekundu iliyokolea na ladha ina moshi mtamu. Kwa Mwislamu, ng'ombe peke yake hatoshi: tafuta pakiti yenye nembo ya halali, kwa mfano ya Instituto Halal yenye makao Córdoba. Chumvi ni ile ile, kwa hiyo hesabu ya kidokezo cha 12 inawahusu pia.

16. Panga sahani, angalia na sanduku

Gramu 100 zinatosha watu watatu kwa raha, ukiipa hamoni wenzake wanaofaa. Paka mkate uliochomwa nyanya mbivu, dondoshea mafuta ya zeituni, laza kipande juu: hicho ni kifungua kinywa kinachopendwa Hispania nzima. Wakati wa joto wao huila na tikiti tamu, na tini nayo inapendeza. Mkono wako ukiwa karibu na papai bivu au embe, jaribu bila kuogopa. Utamu wa tunda unaituliza chumvi, na tumbo linajaa tunda badala ya nyama. Viazi vya kuchemsha, maharage mabichi, saladi ya majani, vyote vinaipokea vizuri. Hamoni iwe kiungo cha kunogesha, mboga na matunda ndivyo vijaze sahani.

Unataka kurudi na pakiti kwa ndugu? Kabla ya kulipa, soma masharti ya nchi unakokwenda. Nchi nyingi huzuia wasafiri kuingia na nyama hata ikiwa imefungwa vizuri na risiti ipo. Uingereza, kwa mfano, ilianza Aprili 2025 kuzuia wasafiri kuleta nyama ya nguruwe kutoka Umoja wa Ulaya. Kwa safari ya Tanzania au Kenya, uliza mamlaka za mifugo mapema kuhusu kibali, usisubiri mezani kwa ofisa wa forodha. Jibu likiwa hapana, kula huko huko na wenyeji wako, kisha wapelekee ndugu kitu kinachoruhusiwa. Na ukipita bucha wiki hii, agiza zile gramu 100 za rangi unayoimudu, waite watu wawili, na mkate uwe wa kutosha!